Laini ya Pelagia

Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Pale ofisini Kasulu walikuwa wakisikia viatu vyangu kwenye korido wanaanza kupanga karatasi zao hata kama zimepangika. Mwaka 1998 nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika shirika moja lililokuwa likitafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao vitani. Niliona nina haki ya kufoka, maana programu nzima niliiandika mwenyewe, mwaka mzima, bila msaada wa mtu. Aliyeichezea alinichezea mimi.

Nieleze kwanza ilivyofanya kazi, vinginevyo hutaelewa nilichokifanya. Chumba cha nyuma kulikuwa na seva, yaani kompyuta kubwa iliyohifadhi kadi za watoto wote wa kambi ya Nyarugusu. Chumba cha mbele kulikuwa na kompyuta sita za makarani. Karani akifungua kadi ya mtoto, kompyuta yake inashika laini moja kwenye seva, na kadi ile inazuiwa kwa wengine wote mpaka aliyeishika abonyeze Hifadhi, kisha Toka. Programu iliyoandikwa na mtu mwenye akili ingeshika laini, ichukue inachotaka, iiachie hapo hapo. Yangu ilishika asubuhi ikang'ang'ania mpaka jioni. Ilikuwa rahisi kuiandika hivyo, nami nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Seva ilikuwa na laini kumi tu. Na umeme wetu ulikuwa wa jenereta. Saa kumi na mbili jioni mzee Nduwayezu, fundi wa jenereta, alilizima, na kompyuta za makarani zikazimika hapo hapo. Seva ilikuwa na betri zake, kwa hiyo haikujua lolote. Ilibaki imewashikia laini watu waliokwisha kwenda kula ugali nyumbani. Kesho yake makarani wanashika laini mpya, za jana bado zipo, kumi zinajaa, wa mwisho anaambiwa hakuna nafasi. Hapo ndipo naitwa. Naingia chumba cha nyuma, natazama orodha ya laini, nakata zilizokufa moja baada ya nyingine, na kila kilichokuwa hakijahifadhiwa kimekwisha kupotea tangu kompyuta zilipozimika. Kisha natoka kufoka: "Nimewaambia mara ngapi mtoke kwenye programu kabla ya jenereta kuzimwa?" Kosa lilikuwa la programu yangu, na nilijua. Ila kuwafokea watu ilikuwa kazi nyepesi kuliko kuirekebisha.

Pelagia alikuwa karani wetu bora. Alitoka Buhigwe, mtu wa maneno machache, alisali kila asubuhi kabla ya kugusa kibodi. Mwezi wa tatu alihifadhi jina la mama asiyekuwa mwenyewe kwenye kadi ya mtoto fulani. Mwanamke akasafirishwa kutoka Kibondo, akashuka garini mikono wazi, akamtazama mtoto na kuketi chini barabarani. Nilimsema Pelagia mbele ya ofisi nzima. Nilimwambia, "Usihifadhi kitu usichokuwa na uhakika nacho. Kama huna uhakika, kadi iache wazi mpaka uwe nao." Siku hiyo hiyo nikakusanya madaftari ya makarani wote nikayafungia kabatini, kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe kwenye programu yangu. Pelagia alisema, "Sawa, kaka Evaristi." Na kweli, tangu siku hiyo alifanya nilivyomwambia.

Kulikuwa na msichana Nyarugusu, Gentille, wa miaka saba hivi. Alivuka ziwa mwaka 1996 na majirani kutoka Uvira, majirani wakaondoka wakamwacha. Kadi yake, mahali pa ndugu, iliandikwa: hakuna. Na mwezi wa saba mwaka ule, watoto wasio na ndugu walikuwa wanaandikwa kurudishwa ng'ambo kwa meli kutoka Kigoma, wakalelewe kwenye kituo kule Uvira. Mwenye ndugu kwenye kadi anabaki. Asiye na ndugu anapanda meli Jumatatu. Mambo yalikuwa hivyo tu.

Alhamisi moja, kama siku kumi na moja kabla ya meli, Pelagia alinisimamisha mlangoni. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Kibondo.

"Kaka Evaristi, nimempata mama yake Gentille. Yuko kambi ya Mtendeli, kule kule Kibondo. Ila ameandikishwa kwa jina la dada yake aliyefariki, anapokelea mgao kwa kadi ya marehemu. Anaogopa sana wakijua watamnyang'anya. Nimeandika kila kitu kwenye kadi ya mtoto, namba na jina, ila sijahifadhi. Wiki ijayo narudi kumhoji tena ili niwe na uhakika."

Nikamwambia, "Vizuri. Naona umejifunza."

Sikuongea naye tena. Saa nne alishika kichwa, akasema anaona giza, akapelekwa hospitali. Ilikuwa malaria ya kupanda kichwani. Jumamosi akafariki, Jumapili tukamzika Buhigwe, mvua ya ajabu ikanyesha katikati ya kiangazi na udongo ukawa unateleza mikononi.

Jumatatu laini zikajaa kama kawaida, nikaenda chumba cha nyuma. Orodha ilionyesha jina la kila aliyeshika laini na muda uliopita tangu laini yake iseme kitu. Moja siku mbili. Nyingine siku tatu. Na katikati yake: PELAGIA, dakika tatu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikatoka, nikanywa chai, nikarudi. PELAGIA, dakika moja.

Nikaenda chumba cha mbele kutazama meza yake. Kioo cheusi. Mtu alikuwa ameifunika kompyuta yake kwa kitenge cha bluu, vizuri, pembe zote zimepangwa. Kiti kilikuwa kimesogezwa ndani ya meza. Hakuna aliyekaa pale, na makarani walikuwa wakipita upande wa pili. Nilirudi nyuma nikakata laini zote zilizokufa, ile ya Pelagia nikaiacha. Sikumwambia mtu.

Jumanne: dakika nne. Jumatano asubuhi: dakika mbili. Nikajikuta natazama orodha ile kila nusu saa, na kila nikitazama, marehemu alikuwa ametoka kugusa kitu muda si mrefu. Makarani nao walikuwa wamejua kwa njia yao, maana ukiifungua kadi ya Gentille ulikutana na maandishi niliyoyaandika mwenyewe: Kadi hii inatumiwa na PELAGIA, tafadhali subiri. Karani mmoja aliyasoma akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akaanza kuisalimia ile meza kila akiingia. Niliwafokea. Niliwaambia humu hakuna mizimu, humu kuna umeme na nyaya, na anayetaka ushirikina aende nao kwao. Jioni ile nilitoka kabla ya wote ili nisije nikabaki peke yangu na seva.

Ijumaa watoto wa meli waliletwa ofisini kupigwa picha. Gentille alitoka kwenye mstari, akanishika shati, akauliza kwa Kiswahili cha kwao, ambako yaya ni dada na bato ni meli:

"Papa, Yaya Pelagia iko wapi?"

Nikamwambia hayupo.

"Yaya alinambiaka mama yangu iko. Alisema nisipande bato, ningoje yeye." Alisema bila kulia, kama mtu anayekumbusha ahadi.

Nilimrudisha kwenye mstari, nikaenda moja kwa moja kwa mzee Ildefonsi, mkuu wa ofisi. Alikuwa mtu wa haki lakini mtu wa karatasi. Nikamweleza. Akavua miwani.

"Jina la mama? Namba ya mgao?"

"Sina. Pelagia alikuwa nazo."

"Evaristi, kwenye orodha hii kuna watoto arobaini, na nusu yao wanasema mama yupo. Nikiwabakisha wote kwa maneno, nimeua safari. Iandike kwenye kadi kabla ya saa sita, jina na namba, na mtoto anabaki. Vinginevyo orodha inakwenda Kigoma ilivyo."

Ilikuwa saa nne na nusu. Kadi ilikuwa imeshikwa na Pelagia.

Nilikaa mbele ya seva nikajenga hoja zangu kichwani, na nataka uzisikie, kwa sababu zilikuwa hoja nzuri. Kompyuta ya Pelagia ilizimika Alhamisi jioni pamoja na jenereta, kama kompyuta zote. Alichokuwa ameandika kilikufa papo hapo. Kwa hiyo laini ile ilikuwa mlango mtupu, hauna mtu nyuma yake, unazuia kadi bure. Niikate, nifungue kadi, niandike angalau kwamba mama yuko Mtendeli, halafu niende kumlilia mzee Ildefonsi tena. Kuhusu zile dakika mbili, sikuwa na hoja. Zile dakika nilikuwa naziogopa, na ukweli ni kwamba nilitaka jina lile litoke kwenye orodha, lisinitazame tena.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, dada." Nikabonyeza.

Jina likatoka. Nikapumua. Nikafungua kadi ya Gentille, ikafunguka bila kikwazo. Ndugu: hakuna.

Wakati huo huo kitu kikalia chumba cha mbele, mlio mmoja mfupi. Tunu, mama anayetufanyia usafi, akaja mlangoni na kitenge cha bluu mkononi.

"Fundi," alisema, "mashine ya dada imelia."

Nilisimama polepole. Nilikwenda pale mezani, nikainama, nikaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta ya Pelagia. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa inanguruma kidogo, mngurumo uliokuwa ukimezwa siku zote na kelele za zile tano nyingine. Kioo tu ndicho kilichokuwa kimezimwa. Nikakiwasha. Palikuwa na maandishi yangu meupe katikati: Laini imekatika. Kadi imefungwa. Chini yake visanduku vyote vilikuwa vitupu, kwa sababu niliandika mwenyewe kwamba laini ikikatika, kioo kijifute, mtu asije akasoma siri za kadi isiyo yake.

Nikaita, "Nani ameiwasha hii?"

Mzee Nduwayezu akaingia kutoka nje, mikono ina mafuta, kofia ameivua.

"Haikuzimwa, fundi. Alhamisi ile, wanampeleka hospitali, aliniita dirishani. Akasema, mzee, usinizimie mashine, kesho namalizia. Nikavuta waya kutoka kwenye betri za seva. Jumamosi akafariki." Akatazama kitenge mikononi mwa Tunu. "Sasa mimi ningeizimaje? Kwetu, nyumba yenye ikiriyo, yaani msiba, moto alioacha marehemu hauzimwi mpaka matanga yaanuliwe. Tulisema keshokutwa, Jumapili, tutakuja na Mama Tunu, tusali, ndipo tuizime kwa heshima."

"Ilikuwa inawaka wiki nzima."

"Wiki nzima."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee Nduwayezu ana umri wa baba yangu. Alitazama viatu vyake. Tunu ndiye aliyejibu.

"Ungetufokea, fundi. Ungesema ushirikina, uichomoe."

Na ningefanya hivyo hivyo. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba walinijua vizuri kuliko nilivyojijua.

Nikakumbuka pia zile dakika. Mwaka uliotangulia niliongeza mistari michache kwenye programu: kila baada ya dakika tano, kompyuta ya karani iisalimie seva, iseme nipo. Niliiandika mchana mmoja nikaisahau. Laini za wengine zilikuwa zinazeeka kwenye orodha kwa sababu kompyuta zao zilizimwa kila jioni zikiwa bado zimezishika. Ya Pelagia ilikuwa inasalimia. Wiki nzima kompyuta yake ilikuwa inaniambia nipo, nipo, na jina na namba ya yule mama vilikuwa nyuma ya kitenge, hatua kumi na tano kutoka kiti changu. Ningeinua kitenge, niwashe kioo, nisome. Mimi, fundi niliyeiandika programu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaogopa mzimu.

Mzee Ildefonsi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema tu, "Jina? Namba?" Saa sita orodha ikaenda Kigoma.

Jumamosi nilichukua gari na kipaza sauti cha mkononi nikaenda Mtendeli. Nilizunguka mitaa yote ya kambi, kwenye visima, kwenye foleni ya mgao, kanisani, nikimwita mama yake Gentille wa Uvira. Wanawake walinitazama kisha wakatazama pembeni. Hakuna aliyejitokeza. Nilirudi Kasulu jua linatua, sauti imenikauka, vumbi hadi kwenye meno. Jumatatu meli ikaondoka Kigoma. Waliokwenda kuwasindikiza walisema Gentille alikuwa wa mwisho kupanda, alikuwa anageuka geuka nyuma.

Wiki ile niliirekebisha programu. Sasa ikawa inashika laini, inasoma kadi, inaiachia mara moja. Karani akiandika kitu asichokuwa na uhakika nacho, kinahifadhiwa pembeni chenye alama, hakipotei hata umeme ukikatika. Na hakuna laini inayokatwa kabla mtu hajakwenda kwa miguu kutazama nani yuko upande wa pili. Kazi yote ilinichukua siku tatu. Kama ingehitaji miaka mitatu ningejisamehe, lakini zilikuwa siku tatu tu. Madaftari nikawarudishia wenyewe.

Mwezi wa nane vita vikaanza upya ng'ambo ya ziwa. Kituo cha Uvira kikaacha kujibu redio. Mara tatu tuliandika barua, na barua zikarudi.

Ilikuwa kama tarehe ishirini ya mwezi huo, asubuhi, Tunu akaja kuniambia kuna mama nje anamtaka Pelagia. Nikatoka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, amebeba furushi la mtu aliyehama, siyo la mtu anayetembea. Alikuwa ameomba lifti kwenye lori kutoka Kibondo. Nikamuuliza jina. Akatazama huku na huku kwanza.

"Jeannette," akasema. "Jeannette ni jina langu mwenyewe. Lile jingine nimeliacha kule. Waninyang'anye tu mgao. Pelagia alisema wiki moja, nami nimengoja nimechoka."

Nikamwingiza ofisini, nikamkalisha. Nikamwambia kwamba Pelagia amefariki. Aliinamisha kichwa, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anamwombea. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kitenge hadi meli, sikumpunguzia wala sikujipunguzia. Hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya furushi lake.

"Yule mtu aliyekuja na kipaza sauti," akasema mwishowe, "alikuwa nani?"

"Nilikuwa mimi."

"Nilikusikia. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, kama hapa na pale mlangoni. Uliita Gentille, moyo ukaruka, nikaweka ndoo chini. Nikasema ndio huyu Pelagia amemtuma. Halafu ukaanza kufoka. Ukasema jitokezeni, mnanipotezea muda, mnaficha nini. Nikaogopa. Nikasema mtu wa Pelagia hawezi kuongea hivi." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nikaokota ndoo yangu."

Tunu alimletea chai, hakuigusa. Baada ya muda nilivuta kiti karibu naye, nikafungua kadi ya Gentille, nikamwomba jina lake kamili na la kijiji alikozaliwa mtoto. Aliongea polepole sana, na kila aliponyamaza nilingoja mpaka awe tayari.